Nani Anakigusa Kiti Changu?

Kila asubuhi, kabla sijaweka ubao wowote juu ya meza ya mashine, huiacha mashine ikate hewa. Naipandisha pua yake juu kidogo ya meza, nabonyeza kitufe, kisha nachukua kikombe changu cha chai na kusimama pembeni nikiitazama inavyotembea. Inakwenda, inakata kona, inazunguka, inarudi, bila kugusa kitu chochote. Kiti kizima kinachorwa hewani. Wenzangu huniona kama mtu anayemsindikiza mwanawe shule hata baada ya mtoto kuota ndevu, lakini mimi napenda. Kwa muda ule mfupi karakana ni yangu peke yangu, vumbi la jana bado limelala, na kile nilichokichora kinapita mbele ya macho yangu kabla hakijapata nafasi ya kukosea.

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga mafunda mawili ya chai tu, pua ya mashine ikageukia mahali pasipo pake.

Sikuhitaji kutazama kompyuta. Njia ya kiti changu naijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni gizani. Pua ilitakiwa kwenda wima kabisa kuchimba tundu refu la kuchomekea egemeo la mgongo. Badala yake ikaenda kiubavuubavu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikadhani macho yangu hayajaamka. Ikahamia upande wa pili, ikafanya vilevile. Nikapiga kitufe chekundu. Mashine ikanyamaza, na nusu ya chai ikanimwagikia mguuni.

Nieleze kidogo. Sisi tunatengeneza samani, ila hatupimi kwa kamba wala hatukati kwa msumeno wa mkono. Tunachora kwenye kompyuta, kompyuta inageuza mchoro kuwa maelekezo, na mashine inayafuata neno kwa neno. Kisha Fundi Gundi anaunganisha vipande, anavipiga msasa na kuvipaka vanishi. Mashine haibuni kitu. Ikienda upande, basi kuna mtu aliyeiambia iende upande. Na kiti kile nilikuwa nimekichora mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo.

"Kimya! Umeiua?"

Alikuwa Mistari, mchoraji mwenzangu, amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Jina hilo amelipata kwa kuchora kila mahali, mpaka kwenye vumbi la meza ya chakula. Jina la Kimya alinipa yeye, siku yangu ya kwanza hapa, na likaniganda.

"Imekwenda kombo," nikasema.

"Mashine haina akili ya kwenda kombo, dada yangu. Ingekuwa na akili ingeshaomba likizo."

Akacheka, akaenda moja kwa moja kutundika mkoba. Hakuniuliza imekwenda kombo wapi. Mistari, ambaye ukipiga chafya anataka kujua ni pua gani, hakuuliza.

Nikafungua mchoro. Tundu la egemeo lilikuwa limelazwa kwa nyuma. Siyo sana. Mtu mwingine asingeona. Nikachukua flashi yangu ninayoivaa shingoni, nikarudisha faili langu halisi, nikaendelea na kazi.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kituo cha wagonjwa wa figo kilikuwa kinataka viti vipya vya ukumbi wa kusubiria, ukumbi mzima. Mistari alichora kiti, na mimi nikachora. Shangazi, mwenye studio, akachagua changu. Matroni wa kituo alikuwa aje mwisho wa wiki kukikalia kiti cha kwanza cha mbao nzuri. Akikipenda, mimi ningekuwa mbunifu kweli. Akikikataa, kazi ingehamia kwa Mistari na mimi ningerudi kwenye brashi ya vanishi.

Nikapanda ngazi kwenda kwa Shangazi.

Shangazi ni shangazi yangu kweli, dada wa baba yangu, tumbo moja. Lakini hapa hata wateja na wauza mbao humwita hivyo. Chumba chake kimejaa vipande vya vitambaa na miguu ya viti isiyo na viti. Nilimkuta akikwangua rangi kavu kwenye kucha.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama. Mbona umevaa uso wa msiba?"

"Kuna mtu amegusa faili la kiti changu."

Mkono wake ukasimama. Kidogo tu, halafu ukaendelea kukwangua.

"Amegusa vipi? Kikalio?"

"Sijasema kikalio. Nimesema kiti. Ni egemeo, limelazwa."

"Aa. Egemeo." Akakohoa. "Kompyuta hizi nazo zina mambo yake. Labda umeme ulikatika."

"Umeme ukikatika unazima, Shangazi. Hauchori."

Akaniambia nisisahau kula.

Nikashuka ngazi polepole. Kwa nini kikalio? Unapoambiwa nyumba imeingiliwa, hukimbilii kuuliza kama ni kabati la jikoni, isipokuwa unajua jikoni kuna nini.

Kesho yake nilifika kabla ya wote. Nikafungua mchoro hata kabla ya kuweka birika jikoni. Egemeo lilikuwa limelazwa tena. Na safari hii nikapima kila kitu, mstari kwa mstari, na nikakikuta cha pili: kikalio kilikuwa kimeshushwa upande wa nyuma. Nikalikumbuka neno la Shangazi.

Nikarudisha faili langu. Na kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Niliyekuwa naingia kazini na kusalimia, nikawa naingia na kutazama viatu vya watu. Nilijua nani kakaa wapi kwa kiti kilivyoachwa. Niligeuza kioo cha bafuni kidogo ili nikisimama pale nione mlango wa chumba cha kompyuta. Aibu ilinipata, lakini sikukirudisha.

Kumshuku Mistari kulikuwa rahisi. Kiti chake kilikataliwa, na yeye alilichukulia jambo hilo kwa mzaha mno. Alinipongeza mbele ya watu, akanipigia makofi, akaniita Profesa. Mtu anayefurahi hivyo kwa kushindwa, unamwamini vipi? Nikamwona akilini: matroni anakalia kiti kilichopinda, Mistari anafungua mkoba na kutoa mchoro wake, pole pole, kwa unyenyekevu.

Kumshuku Shangazi ndiko kulikoniuma. Nilijiambia hawezi. Halafu nikajiambia anaweza. Pengine alinipa kazi kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, watu wakasema, akajuta. Kuninyang'anya waziwazi asingeweza, baba yangu angehoji. Basi akaacha kiti kiharibike chenyewe.

Aliyebaki ni Fundi Gundi, mtu mzima, mikono yake ina gundi iliyokauka kama magamba. Kompyuta hata kuiwasha hajui. Nikamweka upande wa wema. Mpaka nilipoingia chumba chake ghafla na kumkuta ameinama juu ya vipande vya kiti changu cha majaribio, kile cha plaiwudi ambacho wote walikikalia wakakisifu. Aliponiona akaficha tupa nyuma ya aproni.

"Fundi, unatafuta nini?"

"Miwani."

"Umeivaa."

Akaishika usoni. "Kumbe! Uzee huu, binti."

Nikatoka. Nikajibanza nyuma ya rundo la mbao mlangoni. Haukupita muda Mistari akaingia kwake kupitia mlango wa uani.

"Amekuja kwako pia?" Mistari akauliza.

"Ametoka sasa hivi."

"Anajua?"

"Ajue nini? Mimi simo."

"Hata mimi simo, Fundi. Nasema tu, asije akasikia kutoka kwetu."

"Kwangu hasikii. Nina mabinti wanne, najua kufunga mdomo."

Wote! Nilikuwa nimezungukwa. Karakana ambayo asubuhi nilidhani ni yangu, kumbe mimi ndiye mgeni peke yangu ndani yake.

Sijui wengine hufanya nini wakifika hapo. Pengine hupiga kelele. Mimi sina kifua hicho. Jioni ile nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa nimefunga meno, nikauwekea mchoro wangu neno la siri. Refu, lenye herufi na alama zisizo na mpangilio. Kisha nikajitia kupanga misumari karibu na dirisha, nikasubiri.

Mistari akaja, akakaa, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Kompyuta ina nini leo?"

"Kwani unatafuta nini?" nikauliza bila kugeuka.

"Hapana, nilikuwa naangalia saa."

"Saa iko ukutani, Mistari."

"Ile ya ukutani siiamini," akasema, akaondoka akipiga mluzi usio na wimbo.

Nikatabasamu peke yangu. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Siku ya matroni ilipofika, mbao nzuri ililetwa, nyekundu, nzito, yenye harufu kama ya karafuu iliyosahaulika kabatini. Matroni alipiga simu kwamba anakuja mapema kuliko tulivyopatana. Nikatazama mashine, nikatazama saa. Mchoro nimeufunga, nikasema, nani atakuwa ameugusa? Nikaruka hatua ya kukata hewa. Nikaweka ubao mezani, nikabana, nikabonyeza kitufe. Kisu kikaingia kwenye mbao kwa sauti ya kuimba, na mimi nikasimama nimemgeukia Shangazi nikimpa maneno matamu, nisione kitu.

Kosa langu lilikuwa hili, na mtu wa kazi hii ndiye pekee anayeweza kulifanya: mashine haisomi mchoro. Inasoma maelekezo, na maelekezo yanakaa kwenye faili jingine, ambalo sikulifunga. Nilikuwa nimepiga kufuli mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Fundi Gundi akachukua vipande vikiwa bado na joto la kisu, akaviunganisha upesi upesi. Nilipoingia kwake kiti kilikuwa kimesimama katikati ya chumba. Kilikuwa kizuri, jamani. Rangi ilikuwa nzuri. Lakini kilikuwa na namna ya kutazama dari. Nikainamisha kichwa. Nikakiinamisha upande wa pili.

"Fundi, mbona kama kimelala?"

"Ni sakafu," akasema Fundi. "Sakafu hii ina mteremko."

Kabla sijajibu, Shangazi akaingia na matroni.

Alikuwa mama mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa mara moja. Hakutaka maelezo. "Mimi nakaa kwanza, ndipo nasikia habari," akasema. "Wagonjwa wangu hawasomi karatasi za wabunifu. Wanakaa. Wanaowasindikiza wanakaa zaidi." Akageuka, akashika mikono ya kiti, akajishusha.

Alikaa vizuri. Akaegemea. Akaendelea kuegemea. Akaendelea. Miguu ya mbele ya kiti ikaacha sakafu, viatu vyake vyeupe vikapanda mpaka usawa wa kifua cha Mistari, na kama Fundi Gundi asingekuwa amesimama nyuma yake ameitanguliza mikono, tungemwokota chini. Matroni alikuwa amelala chali kwenye mikono ya Fundi, akitazama dari yetu yenye utando wa buibui.

"Mimi nililaza egemeo kidogo tu!" Mistari akaropoka.

Shangazi akamgeukia. "Wewe ulilaza egemeo? Mimi nilishusha kikalio nyuma!"

"Jamani," akasema Fundi Gundi, bado amembeba matroni, "mimi nilikwangua ndimi za egemeo, zile zinazoingia tunduni, kwa tupa ili lirudi nyuma. Kidogo. Kidogo sana."

Wakatazamana wote watatu, kila mmoja kama amemkuta mwenzake na mkono mfukoni mwake. Kila mmoja alifanya peke yake. Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Na kila nilipofuta, kila mmoja alirudi kimya kimya kuanza upya, na mchoro ulipofungwa, Mistari na Shangazi wakaenda kwenye maelekezo, mmoja baada ya mwingine.

"Nisimamisheni," akasema matroni.

Tukamsimamisha. Akajinyoosha gauni, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona mdomo wake unajizuia kucheka.

"Naenda garini kupiga simu," akasema. "Nikirudi, mtu mmoja aniambie jambo moja."

Mlango ukafungwa. Nilitaka nijifungie mahali. Nilitazama hata mlango wa stoo. Lakini hasira ilikuwa imenikaa miguuni, na miguu ikakataa.

"Mlikuwa mnaniharibia," nikasema.

"Kukuharibia!" Mistari akashika kichwa. "Kimya, nilikuwa nakusaidia! Nilikikalia kile cha plaiwudi. Mgongo wangu..."

"Mgongo wako nini?"

"Hapana. Ni kizuri."

"Nilikudhania mwizi," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu. "Nilikuwa nakuchungulia kwenye kioo cha bafuni. Siku nzima. Nilidhani unataka kazi yangu."

Mistari, mtu wa maneno, akachora kitu kwenye vumbi la meza kwa kidole, akakifuta.

"Na wewe, Shangazi, nilidhani umejuta kunipa kazi. Nimelala na hilo."

"Astaghafiru, mwanangu!"

"Basi kwa nini hukuniambia? Kwa nini hamkuniambia hata mmoja? Mlikikalia wote. Mkasema kizuri, wote, hapo hapo mlipo."

Fundi Gundi akafuta miwani. "Binti, ile mara ya droo," akasema taratibu. "Nilikwambia tu kwamba haifunguki vizuri. Tukakutafuta mpaka mchana. Ukatoka stoo macho yamevimba, ukaniomba radhi mimi, kama mimi ndiye droo. Nilisema sirudii tena kukuona hivyo."

"Wote tulisema," akasema Mistari.

Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wamekula njama dhidi yangu. Kila mmoja alinibeba kama yai, na hakumwambia mwenzake kwamba ananibeba. Na mimi, kwa kubebwa hivyo, nilikuwa nakaribia kupeleka kwa wagonjwa kiti nisichokijua. Kama matroni angekipenda hiki, kisingekuwa changu. Kama angekikataa kile nilichokichora, nisingejua kwa nini.

Machozi yakaja. Yalikuja yenyewe, sikuwa na la kuyafanya. Nikayaacha yashuke, nikavuta stuli na kukaa pale pale katikati ya chumba, mbele yao.

"Nalia," nikasema. "Ndiyo, nalia, na mtaniona nikilia. Siendi popote. Kiti changu, kama nilivyokichora mimi, kina nini?"

"Sura yake nzuri mno," akasema Mistari.

"Sijauliza sura."

"Kimesimama imara," akasema Fundi Gundi. "Hakitikisiki."

"Fundi!"

Nje tukasikia mlango wa gari ukifungwa, na hatua za matroni zikirudi uani. Fundi akatazama sakafu. Mistari akatazama Fundi. Shangazi akavuta kipande cha mbao kilichobaki, akakaa juu yake mbele yangu, magoti yetu yakigusana, akanishika mikono kwa mikono yake yenye rangi.

"Kinaumiza," akasema. "Hapa, chini ya mabega. Nilikikalia kwa kikombe kimoja cha chai nikatamani kusimama. Kinamkalisha mtu kama anayesubiri kusomewa hukumu, na wale watu wamechoka, mwanangu, wanataka kuegemea. Ni kibaya kukaa. Nimeogopa kukwambia. Kirekebishe mwenyewe."